Mwalimu Wangu Ana Mkia

Darasa langu lina geti la bluu, mtaa wa Himbi, Goma,
ukuta wa mawe meusi yaliyotapikwa na mlima,
na balbu moja ambayo umeme huitembelea ukipenda.
Mwalimu ana miguu minne.
Jina lake Biskuti.

Siku ya kwanza bosi, bibi wa mradi wa mbegu za viazi,
alinieleza kwa vidole zaidi ya mdomo:
huyu hasikii Kifaransa, na Kiswahili usijisumbue.
Akaniachia funguo na maneno matatu:
siti, stei, kamu.
Nikayatafuna usiku kucha kama muhindi mkavu.

Usicheke. Mimi Mumbere niliwahi kusoma.
Mwaka wa tatu sekondari, kule Butembo,
nilisimamishwa nisome sentensi moja ya kondoo,
na kondoo akatoka mdomoni mwangu akiwa meli.
Mwalimu wa siku hizo alicheka. Darasa likacheka.
Hata jogoo wa jirani, nakuapia.
Miaka kumi na tisa Kiingereza kikanikaa kooni
kama mwiba wa sambaza.

Biskuti hacheki.
Nikikosea huinamisha kichwa kushoto
kama mtu anayesubiri chenji.
Nasema tena.
Anakaa.
Jamani, siku alipokaa!
Niliiona sentensi yangu imeketi mbele yangu,
ina masikio, inapumua.

Basi tukaanza hivyo.
Katoni tupu za mafuta namsomea kwa sauti ya askofu:
weka mbali na jua,
upande huu juu.
Alfajiri nazihesabu kwa Kiingereza chukudu
zinazoteremka na makaa kutoka Kibumba;
zikizidi ishirini ulimi unateleza, naanza upya.
Chukudu hazinisubiri, na raha yenyewe ndiyo hiyo.

Jumapili binti yangu Kyakimwa huja na daftari.
Tuna mchezo: ukishika kitu, hukiachii mpaka ukitaje.
Kuna siku alisimama na ndoo kichwani
akitafuta neno la mfuniko,
maji yakimchuruzika shingoni, anacheka,
na sisi wawili hatulijui hadi leo.

Ni yeye aliyeniletea matata ya "gou".
Kumbe likishakuwa jambo la jana huitwa "wenti".
Kwa nini, baba? Hayafanani hata herufi moja.
Nikamwonyesha ukuta.
Hili lilipokuwa likitembea tulilikimbia, tukaliita moto.
Lilipopoa tukalijengea nyumba, tukaliita jiwe.
Hakuuliza tena.

Usiku ule nikamsimulia Biskuti habari yote,
mlima ulipopasuka,
mama yangu na godoro kichwani, barabara ya Sake,
kwa Kiingereza chenye mashimo kuliko barabara yenyewe.
Kila shimo nililijaza Kiswahili.
Alisikiliza mpaka mwisho. Watu wachache wamewahi.

Juzi bosi karudi kutoka Rutshuru, vumbi hadi kwenye kope,
akauliza mbwa ana nini, mbona hagusi chakula.
Nikafungua mdomo,
na maneno yakatoka yamevaa viatu:
haumwi, madamu, tangu jana
alikuwa anasikiliza barabara, kama gari lako linakuja.
Bosi akasimama, begi mkononi.
Nani kakufundisha?

Nikageuka nimwonyeshe.
Mwalimu alikuwa kajilaza chini ya tangi la maji,
katupa mgongo.
Bosi akamwita: kamu. Kamu, Biskuti.
Sikio halikutikisika.

Nami, kwa aibu, kwa sauti ya kuombea chumvi:
njoo, mzee.

Akaja mbio.